Anayeketi Pembeni ya Piano

Katika miaka ya 1940, kwenye mji mdogo wa Tryon, jimbo la North Carolina nchini Marekani, msichana mweusi ambaye hajatimiza miaka kumi na mitatu aliandaliwa onyesho la piano mbele ya watu wa mji. Aliitwa Eunice Waymon. Dunia ilikuja kumjua kama Nina Simone. Wanaosimulia habari za onyesho lile, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, husimulia jambo moja: wazazi wake walikuwa wameketi mbele, wakaondolewa na kupelekwa nyuma ili wazungu wapate viti, naye akasema hatapiga mpaka wazazi wake warudishwe mahali pao. Wakarudishwa. Akapiga.

Ni habari ya ushujaa na inastahili kusimuliwa kwa watoto wetu. Lakini naona tumeizoea kwa namna inayoficha nusu ya kazi. Mtoto wa umri ule hapati nguvu za kuusimamisha ukumbi mzima kwa sababu tu amezaliwa na kipaji. Nyuma yake kulikuwa na Jumamosi nyingi, mwanamke aliyeketi pembeni ya kiti chake akimsikiliza, na watu waliotoa fedha mfukoni. Sisi wazazi, makanisa, shule na serikali za Afrika Mashariki ni hodari wa kushangilia kipaji. Kumgharamia mtu wa kuketi pembeni ya mwenye kipaji, mwaka baada ya mwaka, hilo hatujalikubali bado kuwa ni wajibu wetu.

Eunice alizaliwa tarehe 21 Februari 1933, wa sita kati ya watoto wanane. Mama yake, Mary Kate, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti aliyefanya pia kazi za ndani kwenye nyumba za wazungu. Baba yake, John Divine, alishika kazi moja baada ya nyingine kadiri hali ilivyoruhusu. Mtoto alianza kupiga nyimbo za dini kwa kusikia tu, hajaenda hata shule, na kanisani wakamkalisha kwenye kinanda. Mtoto huyu sisi tunamjua. Karibu kila usharika unaye: yule kijana ambaye kwaya ikikosea sauti humtazama yeye, anayejua nyimbo zote za kitabu bila kufundishwa na mtu. Tunasema amejaliwa, tunampigia makofi siku ya Pasaka, kisha tunamwacha na nyimbo zilezile na mikono ileile mpaka anapooa.

Njia ya Eunice iligeuka pale mwanamke ambaye mama yake alimfanyia kazi alipomsikia akipiga, akajitolea kumlipia masomo ya mwaka mmoja. Mwalimu aliyepatikana ni Muriel Mazzanovich, Mwingereza aliyeolewa na mchoraji na kuhamia Tryon. Mtoto alimwita Miss Mazzy. Ilimbidi atembee kwa miguu hadi upande wa wazungu kila Jumamosi. Mwaka wa malipo ulipokwisha, mwalimu hakumwambia mama mtu kwamba wamefika mwisho. Alisaidia kuanzisha mfuko kwa jina la mtoto, Eunice Waymon Fund, nao watu wa Tryon, weusi kwa weupe, wakauchangia. Lile onyesho tunalolisimulia kwa ajili ya viti lilikuwa pia namna ya kutoa hesabu: waliochanga waje wasikie fedha yao imefanya nini.

Miss Mazzy alimfundisha Bach, na hapa nataka nikae kidogo. Johann Sebastian Bach naye alikuwa baba na mwalimu. Mwaka 1720 alianza kumwandikia mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann, aliyekuwa na miaka tisa, daftari la kujifunzia kinanda. Ndani yake mkaingia vipande vifupi ambavyo mwaka 1723 alivinakili upya kwa mpangilio: kumi na tano vya sauti mbili, kumi na tano vya sauti tatu. Mpaka leo anayejifunza piano kwa dhati, awe Nairobi, Moscow au Seoul, atakutana navyo. Ugumu wake haumo katika kasi, umo katika mkono wa kushoto. Nyimbo nyingi tunazozisikia kanisani na redioni, mkono wa kulia huimba na wa kushoto huusindikiza. Kwa Bach wa kushoto nao huimba. Unalidaka wazo ambalo wa kulia umelisema punde, unalirudia, unabishana nalo, unalimalizia. Mtoto anatakiwa asikilize watu wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja, na wote wawili ni yeye.

Kipaji cha sikio kinakomea hapo. Anayepiga kwa kusikia, hata awe hodari kiasi gani, hushika wimbo na sauti zinazoubeba. Ile sauti ya pili inayokwenda njia yake yenyewe haisikii mpaka mtu amwonyeshe. Mwalimu hupiga mstari mmoja na mwanafunzi mwingine, kisha wanabadilishana. Humwambia auimbe kwa mdomo mstari wa kushoto huku akipiga wa kulia. Humrudisha kwenye vipimo viwili tu vya muziki kwa nusu saa nzima, naye asikasirike, wala asimwache mtoto akasirike peke yake. Nina Simone alisema baadaye kwamba Bach ndiye aliyemfanya aamue kuyatoa maisha yake kwa muziki. Namwamini. Ila Bach alikuwa kwenye karatasi, na karatasi haimsahihishi mtu.

Yeyote aliyesoma chuoni katika pwani yetu anaujua mpangilio huu bila kuelezwa. Mtoto hupiga magoti mbele ya ustadhi na msahafu, herufi moja moja, ulimi ukirekebishwa mpaka kila sauti itoke mahali pake, na ustadhi naye alirekebishwa hivyohivyo na aliyemtangulia. Piano nayo ina silsila yake. Eunice alipomaliza shule ya sekondari ya Allen huko Asheville mwaka 1950, alikwenda kusoma kwa kipindi cha kiangazi katika chuo cha muziki cha Juilliard, New York, kwa mwalimu mzee aliyeitwa Carl Friedberg. Friedberg alikuwa amefundishwa na Clara Schumann. Clara alifundishwa na baba yake, Friedrich Wieck, aliyempandisha kwenye jukwaa la Gewandhaus mjini Leipzig mwaka 1828, binti akiwa na miaka tisa. Kutoka Leipzig hadi kwa binti wa mhubiri wa Tryon ni mikono mitatu tu, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyejifunza kwa kuachwa peke yake na kinanda.

Kumwandaa mtoto kwa onyesho ni ufundi wa peke yake, mbali na kumfundisha kipande. Wiki chache kabla ya siku yenyewe kipande kinakuwa kimeshajulikana, vidole vinakwenda vyenyewe, na hatari huanzia hapo. Kumbukumbu ya vidole hukatika mbele ya watu. Moyo unaenda mbio, viganja vinatoa jasho, kidole kimoja kinateleza, na mtoto hajui tena yuko wapi. Njia anayoijua ni moja tu, kurudi mwanzo. Wengi wetu tumeliona hili kwenye maonyesho ya mwisho wa muhula. Mtoto anakwama, anaanza upya, anakwama palepale, na mama yake anainamisha kichwa. Watu husema kaingiwa na woga. Mimi husema hakuandaliwa, na lawama haimhusu yeye.

Mwalimu anayeijua kazi yake huweka vituo ndani ya kipande na kumzoeza mtoto kuanzia popote. Anza pale mkono wa kushoto unaposhuka. Anza ukurasa wa mwisho. Funika macho, niambie wimbo unahamia sauti gani baada ya hapa. Kipande kinatoka vidoleni na kuingia akilini, na mtoto akiteleza siku ya siku anaruka hadi kituo kinachofuata badala ya kurudi nyumbani. Kisha kuna fundisho gumu kuliko skeli zote: kuendelea baada ya kosa bila kukunja uso. Ni gumu kwa sababu miezi yote iliyotangulia mtoto amefundishwa kinyume chake, kwamba akikosea asimame, arudi, arekebishe. Lazima mtu amwambie waziwazi, kuanzia leo mwanangu hatusimami tena. Watoto wengi hawaambiwi. Wanapanda jukwaani na tabia ya chumba cha mazoezi, halafu tunawahukumu.

Kuna pia mambo yanayoonekana madogo. Kuingia, kuinama, kuketi, kurekebisha urefu wa kiti hata kama ukumbi mzima unakutazama, kutulia mpaka usikie kichwani kasi utakayoanza nayo. Kupiga mbele ya bibi, mbele ya majirani, mbele ya wadogo zake wanaocheka. Na kupiga kwenye piano tofauti, kwa maana mpiga fidla huja na chombo chake, lakini mpiga piano hukikuta huko aendako. Katika miji yetu ya pwani hili si jambo la kinadharia. Unyevu na chumvi ya bahari hutafuna nyuzi na kuvimbisha mbao. Utakuta kinanda cha ukumbi kina funguo nzito upande mmoja, pedali isiyorudi na sauti mbili zilizopanda. Aliyezoea kimoja tu cha nyumbani atashtuka. Mwalimu aliyempitisha kwenye vinanda vibovu vitatu amemfanyia wema mkubwa kuliko maneno yote ya kumtia moyo.

Hapo hapo niseme jambo ambalo baadhi ya walimu hawatalipenda. Desturi ya kupiga bila karatasi si sheria ya mbinguni. Ilienea katika karne ya 19, Clara Schumann akiwa miongoni mwa walioizoesha kumbini. Kuna watoto ambao kumbukumbu huwapa uhuru, na wapo ambao hofu ya kusahau huwala muziki wote. Huyo wa pili awekewe karatasi mbele yake. Kumtegemeza mtoto ni pamoja na kujua ni mzigo upi alipaswa kuubeba na upi umewekwa kwa mazoea tu.

Tumelelewa pia na walimu wa muziki walioamini kwamba rula mgongoni mwa vidole hunyoosha noti. Wengine wameacha rula wakabaki na kejeli, ambayo huumiza muda mrefu zaidi. Siku hizi upande wa pili umezuka nao: sifa kwa kila kitu, vizuri sana, hongera, mpaka mtoto hajui tena lini amepiga vizuri kweli. Yote mawili ni kumwacha mtoto peke yake. Anachohitaji ni mtu anayemsikia sawasawa na atakayemwambia alichokisikia.

Sitaki kumfanya Miss Mazzy malaika. Mtoto aliyelipiwa na mji mzima anajua kwamba analipiwa. Nina Simone alieleza baadaye upweke wa utoto wake, saa nyingi za mazoezi, na kuwa katikati ya jamii mbili bila kukaa sawasawa katika yoyote. Matarajio yalikuwa makubwa mno: awe mpiga piano mweusi wa kwanza wa kumbi kubwa za Marekani. Hilo ni deni kubwa kumkabidhi binti wa shule. Tukija kuanzisha mifuko yetu tukumbuke hili, kwamba mchango wa halali haumdai mtoto ushindi.

Kisha mlango ukafungwa. Mwaka 1951 aliomba nafasi katika Curtis Institute of Music, Philadelphia, na familia yake ikawa imehamia mji huo. Hakupokelewa. Mpaka mwisho wa maisha yake aliamini kwamba ni kwa sababu ya rangi yake. Vladimir Sokoloff, mwalimu wa Curtis ambaye baadaye alimfundisha pembeni, alikana. Ni kweli pia kwamba George Walker, mpiga piano mweusi aliyekuja kupata tuzo ya Pulitzer kwa utunzi wake mwaka 1996, alikuwa amehitimu chuo hichohicho mwaka 1945. Lakini sikubali Walker atumiwe kumnyamazisha Eunice. Katika nchi ambamo wazazi wake waliinuliwa kwenye viti mbele ya macho yake, hakuna aliyekuwa na haki ya kumtaka aamini kwamba chumba cha mtihani peke yake kilikuwa safi.

Hapo ndipo mwisho wa uwezo wa mwalimu. Muriel Mazzanovich aliweza kuiandaa mikono na masikio ya mwanafunzi wake. Kuiandaa Marekani impokee hakuweza. Nawasikia watu wakisema basi kazi yote ile ilipotea, maana Eunice hakuwa mpiga piano wa kumbi za Bach aliyekusudiwa. Hawajausikiliza muziki wake. Mwaka 1954, akitafuta riziki, alianza kupiga kwenye baa moja mjini Atlantic City, akaambiwa lazima aimbe pia kama anataka kazi. Akaimba, akabadili jina ili mama yake asijue, na mikono ikaendelea kufanya ilichofundishwa. Katika albamu yake ya kwanza, Little Girl Blue, kuna wimbo wa mapenzi uliokwishaimbwa na wengi, Love Me or Leave Me. Katikati yake sauti inanyamaza na piano inaanza kuzungumza kwa mistari miwili, wa kushoto ukiudaka wa kulia, ukibishana nao, kwa adabu zote za yale masomo ya Tryon. Aprili 1963 alipiga Carnegie Hall. Na mwaka 2003, siku chache kabla hajafariki tarehe 21 Aprili huko Ufaransa akiwa na miaka sabini, chuo cha Curtis kilimtunuku shahada ya heshima. Ilichelewa kwa miaka zaidi ya hamsini, nami siwezi kuisoma habari hiyo bila hasira.

Turudi kwetu. Kenya ina tamasha la muziki la shule lililoanza mwaka 1927 na chuo cha Conservatoire jijini Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1944. Zanzibar ina chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichoanza mwaka 2002, ambacho kwa miaka mingi kilifundisha ndani ya jengo la forodha ya zamani, Mji Mkongwe. Humo piano imefundishwa jirani na kanuni, udi na ngoma. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba kimo hatarini kufungwa kwa kukosa fedha, wafadhili wa nje walipopungua. Habari ile iliniuma kwa sababu tatizo lake halikuwa wanafunzi. Wanafunzi walikuwepo, wengi wao wasioweza kulipa karo kamili. Waliokosekana ni wa kulipa mishahara ya wale wanaoketi pembeni.

Kwa watoto wengi wa mjini kilichobaki ni mitihani inayotungwa Uingereza. Siipingi, inampa mtoto kipimo na inamlinda mzazi dhidi ya walimu wababaishaji. Ila nimeona inavyomeza kila kitu. Mtoto anajifunza vipande vitatu vya mtihani kwa mwaka mzima, anavipiga mbele ya mtahini mmoja aliyeketi na kalamu, anapata cheti, anapewa vitatu vingine. Anaweza kufika daraja la tano hajawahi kupiga mbele ya shangazi zake. Onyesho ni kitu kingine kabisa. Mtahini anatafuta makosa kwa sababu ndiyo kazi yake. Waliokuja ukumbini wamekuja kupewa kitu, na mtoto anajifunza kutoa.

Wapo watakaouliza piano inatuhusu nini. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Zanzibar mwaka 1905, na kwa miongo iliyofuata taarab ya visiwani imepokea fidla, akodioni na kanuni kutoka kila upande wa bahari bila kupoteza sauti yake. Chombo hakijawahi kuwa tatizo letu. Na niliyoyasema juu ya piano ni yaleyale kwa kijana anayejifunza kanuni au udi: asipokuwepo mkubwa wa kuketi naye, atabaki na alichookota kwenye simu.

Sisi si watu wasiojua kuchanga. Kamati ya harusi ya mtaa wa kawaida Dar es Salaam au Mombasa hukusanya kwa miezi michache fedha ambayo ingemlipa mwalimu wa muziki kwa mwaka mzima na zaidi, na inajua kumfuata aliyeahidi mpaka atoe. Uwezo huohuo, wa kadi, kundi la simu na mweka hazina asiyechoka, unatosha kwa mtoto mmoja wa usharika au mtaa, kama ulivyotosha Tryon. Ninachokiogopa ni kwamba kamati itakimbilia kununua kinanda kipya, kwa kuwa kinanda hupigwa picha na kuzinduliwa na mgeni rasmi, na mshahara wa mwalimu hauna sherehe. Kikao cha kwanza kianze na saa za mwalimu: Jumamosi ngapi kwa mwaka, kwa kiasi gani, na nani ataendelea kulipa mwaka wa pili na wa tatu. Kinanda kilichopo kanisani kinatosha kwa kuanzia, ili mradi mwenye ufunguo akubali kukifungua siku za kazi, watoto wakitoka shule.